Zaburi za Kilima cha Nabugoye

Jumatano ya tarehe 11 Aprili 1979, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kupitia Redio Uganda kwamba utawala wa Idi Amin umeanguka. Askari wa JWTZ na wapiganaji wa Uganda walikuwa wameushika mji wa Kampala. Kila Mtanzania wa umri fulani anaikumbuka habari hiyo. Huku Makanyagio, katika mji wa Mpanda mkoani Katavi, wazee bado wanasimulia jinsi wanamgambo walivyoitwa kutoka kila pembe ya nchi, hata huku magharibi ambako mto Kagera wenyewe ulikuwa jina la mbali. Wanataja Mutukula, wanataja Masaka, wanataja askari wa Libya waliokimbia Lukaya.

Lipo tukio moja la siku hiyo ambalo ni nadra kusikika katika masimulizi yetu. Jua lilipozama jioni ile, Pasaka ya Wayahudi ya mwaka 1979 ilianza. Na mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, karibu na mji wa Mbale, waliishi wakulima weusi waliokuwa wakiisubiri Pasaka hiyo kwa siri. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamekatazwa kuswali. Majeshi yetu yalikuwa hayajafika hata Jinja, sembuse Mbale. Lakini habari ilifika, na watu wale walikaa kukumbuka kutoka kwa Waisraeli katika nchi ya Farao usiku uleule ambao farao wao mwenyewe alikuwa mbioni. Kwao tarehe 11 Aprili si ya vitabu vya historia ya vita. Ni ya ibada, na imebaki hivyo.

Watu hao wanajiita Abayudaya, yaani Wayahudi, kwa lugha ya Luganda. Sura hii inamhusu mmoja wao, mkulima wa kahawa na mtunzi wa nyimbo aitwaye Joab Jonadab Keki, ambaye wengi humwita JJ. Lakini huwezi kuanza na JJ, kwa sababu nyimbo zake zina babu.

Babu huyo ni Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari, mwindaji wa tembo katika ujana wake, Mprotestanti aliyepigana katika vita vya dini vilivyoichana Buganda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabarega. Aliwafungulia Waingereza njia ya kuingia mashariki, akajenga ngome, akapanda miti kando ya barabara, akauanzisha mji wa Mbale. Alitarajia kwamba kwa kazi hiyo angetawazwa kuwa mfalme wa Bukedi. Waingereza walimpa ardhi na vyeo vya kuajiriwa, ufalme wakamnyima.

Ni rahisi kusema kwamba yote aliyoyafanya baadaye yalitokana na hasira ya kunyimwa. Wapo walioandika hivyo. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi. Mtu mwenye hasira na mkoloni ana njia nyingi za kumkasirikia, na kukaa usiku akisoma Agano la Kale aya kwa aya si njia ya haraka. Kakungulu alikuwa na Biblia ya Luganda, iliyokamilika kutafsiriwa mwaka 1896, na alikuwa mmoja wa kizazi cha kwanza cha watu wa ukanda huu walioweza kuisoma wenyewe bila mmisionari kuwashikia kitabu. Kizazi hicho kilisoma kwa umakini wa kutisha. Mwanzoni aliingia katika kundi la Wamalaki, waliofuata Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali kwa sababu waliamini uponyaji ni wa Mungu peke yake. Kisha akafika kwenye agano la Ibrahimu, akauliza: kama Mungu aliamuru tohara, nani aliiondoa? Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia, kufanya hivyo ni kuwa Myahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe.

Hakuwa amefundishwa na Myahudi hata mmoja. Wa kwanza kukaa naye na kumwelekeza alikuja baadaye, takriban mwaka 1920, mfanyabiashara anayekumbukwa kwa jina la Yosefu, aliyewafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha sala na maagizo cha kurasa zipatazo 90. Alifariki Novemba 1928, akaacha wafuasi elfu kadhaa, mashamba, na kitu kingine ambacho ndicho hasa kiini cha sura hii: desturi ya kuziimba Zaburi kwa Luganda.

Sauti hiyo haiwezi kuwa ngeni kwa mtu wa Makanyagio. Jumamosi utawasikia Wasabato wetu, Jumapili Wakatoliki, Wamoraviani na Wapentekoste, kila kanisa na kwaya yake, na nyingi kati ya nyimbo hizo zimejengwa juu ya maneno ya Daudi. Kilometa chache kutoka hapa ipo Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Watu waliovuka mpaka na watoto mgongoni hawahitaji mhubiri kuwaeleza Zaburi ya mito ya Babeli. Sisi sote wa ukanda huu tumeimba nyimbo za Sayuni kwa karne nzima na zaidi. Tofauti ni kwamba Kakungulu aliuliza swali ambalo wengi wetu hatukuuliza: nyimbo hizi ni za nani, na mwenye kuziimba kila wiki anadaiwa nini?

Muziki wa Abayudaya unabeba historia hiyo yote bila kuificha. Ndani yake unasikia sauti nne za tenzi za Kianglikana, kwa sababu waanzilishi walilelewa katika kanisa hilo. Unasikia kiongozi akitoa mstari na jamii ikimjibu, kama ngoma zetu zote. Juu yake kuna Kiebrania, hapo mwanzo kidogo tu na chenye matamshi ya kukisia, baadaye kingi. Mtaalamu wa muziki anaweza kutenganisha nyuzi hizo. Muumini anayeimba Ijumaa jioni hazitenganishi, na nadhani yeye ndiye yuko sahihi.

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Israel ilikuwa bado rafiki yake. Mwaka uliofuata alivunja uhusiano huo, na baadaye dini ya Kiyahudi ikawa marufuku. Julai 1976 makomando wa Israel walipowakomboa mateka uwanja wa ndege wa Entebbe, kujiita Myahudi nchini Uganda kukawa hatari zaidi. Masinagogi yalifungwa, vitabu vikachukuliwa au vikafichwa. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu, na siwalaumu. Mtu ana watoto wa kulisha. Baba yake JJ alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha sikukuu ya Sukkot, kibanda cha matawi ambacho Torati inaagiza, na familia ikamkomboa kwa mbuzi. Amin alipoanguka, Abayudaya waliobaki walikuwa kama 300 tu.

Hao 300 walibaki na nini? Hawakuwa na rabi. Vitabu vilikuwa vichache mno, na sinagogi kuu la Kakungulu halikukamilika. Walikuwa na wazee waliozijua Zaburi kwa moyo. Askari anaweza kupekua nyumba akachukua kitabu cha sala, lakini wimbo ambao bibi anamwimbia mjukuu jikoni hauna mahali pa kupekuliwa. Ninaposema kwamba dini hii iliokolewa na muziki, simaanishi kwamba muziki uliipamba. Namaanisha kwamba kwa miaka ile ya marufuku muziki ndio ulikuwa sinagogi.

JJ Keki na ndugu zake, akiwemo Gershom Sizomu, walikuwa vijana wakati huo wa kuibuka tena. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana lilikwenda kuishi pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, katika ardhi ya jamii, wakaita makazi yao kibbutz kwa mfano wa vijiji vya ujamaa vya Israel. Msomaji wa Katavi aliyelelewa enzi za Mwalimu hatashangaa: kulima pamoja, kula pamoja, kusoma pamoja. Walitaka kulinda ardhi isichukuliwe na walitaka kujifunza Kiebrania. Na walikuwa na gitaa.

Hapo ndipo kizazi kipya cha nyimbo kilipozaliwa. Wazee walikuwa wakiimba Zaburi kwa mwendo wa kanisa, taratibu, kwa utulivu. Vijana walichukua maneno yaleyale wakayatia mwendo wa muziki waliokuwa wakiusikia redioni. Waliutungia sauti yao hata wimbo wa kuikaribisha Sabato ambao mshairi Shlomo Alkabetz aliuandika kule Safed, Palestina, katika karne ya 16. Maneno ya mji wa Galilaya na sauti ya Mbale vikakutana, na ukisikiliza huwezi kusema kipi ni mgeni. Jambo la pili walilolifanya lilikuwa kubwa zaidi: waliwarudisha vijana wenzao. Katika kijiji kisicho na umeme, Ijumaa jioni yenye gitaa na ngoma ni sababu ya kutosha ya kijana kupanda kilima. Akishafika, atasikia na mafundisho.

Mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways la Marekani lilitoa albamu ya muziki wa Abayudaya, iliyorekodiwa na Jeffrey Summit, ambaye ni rabi na mtafiti wa muziki. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Watu waliokuwa wakiimba kwa kunong'ona wakasikika New York na Los Angeles, na masinagogi kadhaa ya Marekani yakaanza kutumia sauti za Nabugoye katika ibada zao. Kuna Wayahudi wa ukoo wa miaka elfu mbili ambao leo wanaipokea Sabato kwa wimbo wa wakulima wa Mbale.

Napenda kumweka JJ karibu na mtunzi mwingine, maarufu kuliko yeye, Leonard Cohen wa Kanada. Cohen alizaliwa Montréal mwaka 1934 katika ukoo unaojihesabu kuwa wa makuhani, uzao wa Haruni. Babu mzaa mama alikuwa rabi na mwanachuoni. Cohen hakuuchagua urithi huo, aliukuta nyumbani. Maisha yake yote aliuzunguka: mwaka 1974 alitoa wimbo uliochotwa kwenye sala ya siku ya toba, mwaka 1984 ule wa Daudi na kinubi chake ambao sasa unaimbwa kila mahali duniani, kisha miaka ya 1990 akaenda kuishi katika monasteri ya Wabudha mlimani California, na hata huko akasema hajaacha kuwa Myahudi. Albamu yake ya mwisho kabla ya kufa, mwaka 2016, aliimba pamoja na kwaya ya sinagogi la utoto wake.

Cohen alipewa nyumba na akatumia umri wake kuuliza kama anaweza kukaa ndani yake. JJ alizaliwa katika nyumba ambayo babu zake waliijenga kwa kusoma, na akatumia umri wake kuthibitisha kwa majirani, kwa serikali na kwa Wayahudi wenzake kwamba nyumba ipo. Wote wawili waliikuta njia moja ya kulifanya hilo, nayo ni Zaburi. Sioni sababu ya kuuita urithi wa mmoja wa kweli na wa mwingine wa kuazima. Damu ya Cohen isingemtungia wimbo hata mmoja kama asingekaa na maneno yale usiku na mchana. Na hicho ndicho Abayudaya walichofanya tangu 1919.

Si wote wanaokubali. Februari 2002 jopo la marabi wa madhehebu ya Conservative kutoka nje lilifika Nabugoye na kuwapokea rasmi mamia ya Abayudaya katika Uyahudi. Jamii yenyewe iligawanyika kuhusu hatua hiyo. Wapo walioifurahia kwa sababu iliwafungulia mlango wa ndugu duniani. Wapo waliouliza kwa uchungu: kama babu zetu waliteswa kwa kuwa Wayahudi, leo tunaingizwa katika nini? Swali hilo ni zito na sidhani lina jibu la kuwaridhisha wote. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alipata urabi Los Angeles, akarudi kuongoza nyumbani, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Hata hivyo mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilimkatalia mmoja wa Abayudaya haki ya kuhamia huko kama Myahudi. Inauma. Dikteta hakuwa na shaka kwamba ni Wayahudi alipowakataza kuswali. Shaka ilikuja kwa ofisa mwenye makaratasi.

JJ hakuyajibu mambo haya kwa hotuba. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, njiani kwenda kuyatembelea majengo ya World Trade Center, na aliyaona yakishambuliwa. Alirudi Uganda na swali moja kifuani, kuhusu dini na kuua. Majirani zake nyumbani kule Namanyonyi, karibu na Mbale, ni Waislamu na Wakristo, na wengi wao, kama yeye, wana mibuni michache nyuma ya nyumba. Kahawa ya Mlima Elgon ni arabika nzuri, lakini mkulima mmoja mmoja alikuwa akiiuza kwa bei ya mlanguzi. JJ alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba waungane. Mwaka 2004 ukazaliwa ushirika ulioitwa Mirembe Kawomera, amani tamu, na uongozi wake ukagawanywa kati ya watu wa dini zote tatu.

Hapa mkulima wa tumbaku wa Mpanda anaelewa zaidi kuliko msomi yeyote. Anaijua AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Anajua foleni ya mzani, anajua kukatwa daraja, anajua mwaka ambao malipo yanachelewa hadi ada za shule zinapita, na anajua kinachovunja ushirika: kutoaminiana. Sasa fikiria ushirika ambamo mweka hazina anaswali msikitini, makamu mwenyekiti kanisani na mwenyekiti sinagogini, katika nchi ambayo ilishuhudia dini zikipigana kwa mikuki. Kupata mnunuzi kulichukua muda. Laura Wetzler, mwimbaji wa Kimarekani aliyefanya kazi na shirika la Kulanu, alipiga simu kampuni nyingi mpaka Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kununua kwa bei ya biashara ya haki. Wanachama waliongezeka kutoka mamia hadi zaidi ya elfu.

Na JJ akafanya alichokijua tangu Nabugoye. Alitunga nyimbo. Safari hii hazikuwa za Kiebrania. Zilikuwa za Luganda na lugha za jirani, kuhusu kupanda mibuni, kuhusu bei, kuhusu kumheshimu jirani anayeswali siku nyingine. Vikundi vingine katika ushirika vikafuata, vya wanawake hasa, kila kimoja na ngoma na marimba ya kwao. Summit akarudi na vinasa sauti, na mwaka 2013 Smithsonian Folkways ikatoa albamu ya pili, ya nyimbo za kahawa.

Wapo wanaozipanga albamu hizi mbili katika rafu tofauti, ya kwanza dini, ya pili maendeleo. Nimezisikiliza kwa kufuatana na siwezi kuzitenganisha. Mashairi ya Daudi yenyewe yamejaa mvua, mafuta, ngano, divai na mavuno, na mshairi wa Zaburi hakuona aibu kumshukuru Mungu kwa mazao ya ardhi. Kakungulu aliisoma Torati akakuta humo sheria za mizani ya haki, za ujira wa kibarua kulipwa kabla jua halijazama, za masazo ya shamba kuachiwa maskini. Ukichukua maneno hayo kwa uzito ambao yeye aliyachukulia, mkutano wa ushirika unakuwa mahali pa kuyatimiza. JJ analima, anaswali na kutunga, na katika nyimbo zake sauti ni ileile: kiongozi anatoa mstari, na jamii, Myahudi, Mwislamu na Mkristo, inaitikia.